Kozi na Kipungu Juu ya Irunda

1

Nilimkuta Kapteni Nyamvula Mwachiti anarusha ndege kwa miguu. Ilikuwa saa moja asubuhi, lami ya uwanja wa Irunda bado ina baridi, naye yuko peke yake katikati, mikono ameitandaza, macho kayafumba nusu. Anapiga hatua sita, anageuza kiganja, analala upande wa kushoto mpaka vidole vinakaribia kugusa chini, kisha anainuka polepole huku midomo ikihesabu. Mgeni angesema dada wa watu amerukwa na akili. Lakini hakuna rubani wa Mkataba anayepaa kabla hajatembea. Kila kitanzi na kila mbizi atakayopiga angani sharti kwanza aipige ardhini, kwa miguu yake, mbele ya jaji mkuu. Asiyemaliza kutembea hapai.

Jaji mkuu ni mimi, Kokushubira Rwiza, na siku ile nilikuwa na miaka hamsini na tisa na goti bovu. Nilisimama kando na daftari langu mpaka alipomaliza hatua ya mwisho na kushusha mikono.

"Shikamoo, Mama Jaji."

"Marahaba. Mguu wa kushoto unachechemea."

"Kiatu hicho, Mama. Ndege haina viatu."

Nilicheka, na jaji hatakiwi kucheka na rubani. Nikafanya kosa la pili, nikamuuliza kwao hali ikoje.

"Mabomba yanakohoa hewa tu," alisema, akiwa anafunga kamba za kiatu. "Mama yangu ana miaka sabini na sita, anaoga kwa kikombe. Juzi wamezika ng'ombe mia tatu kwa siku moja, wakakosa hata nguvu ya kuchimba shimo la kutosha. Nikishindwa leo, Mama, ni miaka mitano mingine. Sijui nani atakuwa amebaki wa kunilaumu."

Kwao ni Kanda ya Chini. Bwawa la Ng'anda liko Kanda ya Juu, na anayeshika milango ya bwawa ndiye anayeamua nani anywe. Kanda hizi mbili zilipigana kwa ajili ya milango hiyo mpaka ikawa hakuna nyumba isiyokuwa na kaburi. Kisha wakubwa wakachoka, au labda vijana wa kupeleka vitani waliwaishia, wakaandika Mkataba: hakuna bomu tena. Panapotokea mgogoro, kila upande ulete ndege moja ya kivita isiyo na silaha, iruke mbele ya watu, na jaji asiye wa huku wala kule azilinganishe. Mshindi ashike milango kwa miaka mitano. Zikifungana, maji yagawanywe nusu kwa nusu.

Watu walicheka waliposikia. Lakini kanda nyingine zikaiga, kwa malisho, kwa reli, kwa madini, na kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimelinganisha maonyesho sitini na moja bila mtu hata mmoja kufa kwa risasi. Nilijivunia hilo kuliko nilivyojivunia watoto wangu, na watoto wangu walilijua.

Kanda ya Juu mwaka huo walileta ndege iitwayo Kozi. Ilikuwa imeegeshwa ng'ambo ya lami, nyembamba, ya kijivu, na mahali pa rubani palikuwa pamezibwa kwa bati laini. Haikuwa na mtu ndani. Mkataba haukukataza, kwa sababu walioandika hawakuwaza kwamba jambo hilo lingewezekana. Ila desturi ni desturi, na mtu wa kutembea onyesho lake kwa niaba yake ilibidi apatikane. Wakamtoa injinia wao, Elirehema Mmbando, bwana mnene mwenye aibu, ameshika kishikwambi mkononi akisoma hatua moja moja.

Alitembea vibaya sana. Askari wa upande wake mwenyewe walikuwa wanabana kicheko. Hata hivyo nilikuwa nasoma miguu yake, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyosahau kucheka, kwa sababu lile onyesho lilikuwa zuri hata kwa miguu ya bata. Ghafla akasimama.

"Bado hatua za mwisho," nikamwambia.

"Hizo sizijui, Mama Jaji. Yenyewe huziamua ikiwa juu. Huwa inasubiri kwanza ione imepokelewaje."

Hapo nilipaswa kufunga daftari na kusema ndege hii haipai. Kanuni ilikuwa wazi, na nilishawahi kumzuia rubani mwenye medali kwa kuruka hatua tatu tu. Nilimtazama yule injinia, jasho linamtoka kwapani mbele ya wakubwa wake, nikamwonea huruma. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika kwenye ripoti. Sababu yenyewe ni kwamba nilitaka kuiona ikiruka.

"Imepita," nikasema.

2

Watu elfu sabini walijaa Irunda siku ile. Walikuja na vyakula vyao, na miavuli, na watoto mabegani, kanda mbili zimetenganishwa kwa kamba tu, wakitupiana maneno. "Asiyekubali kushindwa si mshindani!" wakaimba wa Juu, na wa Chini wakajibu kwa kuinua vikombe vitupu. Mbele yao ulichorwa mstari mweupe wa chokaa. Ndege hairuhusiwi kuukaribia kwa chini ya mita mia mbili na thelathini, wala kushuka chini ya mita mia moja.

Jukwaa la majaji liko juu ya mstari huo. Tulikuwa watatu. Mzee Harith Bajaber aliangalia saa, Tito Lokwang aliangalia usalama na kushika bendera nyekundu. Wao kazi yao ni kupunguza tu. Alama yenyewe, kutoka moja mpaka kumi, hutoka kwangu peke yangu.

Watu hudhani kulinganisha ndege mbili ni kutazama ipi ina kasi. Kasi hata mbwa anaiona. Mimi natazama kila ndege inafanya nini na mwili iliopewa. Ndege nzito ikikata kona kubwa si kosa, kosa ni kukata kona kubwa kisha ukaikimbia kwa aibu. Natazama kama rubani anautumia uwanja wote au anajibanza upande mmoja. Nasikiliza ukimya kati ya tendo na tendo. Na kuna jambo moja zaidi, ambalo halimo kwenye kanuni, na ambalo nililipenda tangu mwaka wa kwanza. Rubani anapotoka kwenye mbizi ndefu, ardhi ikiwa inamjia, wakati mwingine bawa la kushoto hutikisika kidogo, kama kope. Huo ni mkono umeogopa. Kila nilipouona niliandika pembeni mwa daftari: *mkono umeogopa, onyesho ni la kweli.* Na nikaongeza alama.

Madaftari yangu yote ni mali ya umma. Yeyote anaweza kuyasoma.

Kura ilianguka kwa Kozi kutangulia. Ilipaa bila kelele kubwa, mluzi tu, ikasimama wima kama mtu aliyeitwa jina. Nikashika kalamu.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichofuata na kila mara nimeshindwa. Ilipiga kitanzi kikubwa kilichogusa pembe zote nne za uwanja. Ikanyamaza pale ambapo mimi ningenyamaza. Ilipobingirika haikubingirika kwa haraka za vijana. Ilijipa nafasi, ikamalizia mgongo wake umeelekea jua ili watu wasiumie macho, jambo nililowahi kulisifu mara moja tu, miaka kumi na minne iliyopita, kwa rubani ambaye hata jina lake nilikuwa nimelisahau. Nilihisi joto usoni. Ilikuwa kama kusomewa barua zangu za ujana mbele za watu.

Kisha ikapiga mbizi. Ilishuka mpaka mita mia moja kamili, ikatoka, na bawa lake la kushoto likatikisika kidogo, kama kope.

Kalamu ilinitoka mkononi.

Tangu Kapteni Dismas Oyugi afe ilikuwa imepita miaka tisa. Alikuwa ameshanyanyua ndege kutoka kwenye mbizi, salama kabisa, akaitikisa kusudi. Ilikosa hewa chini ya bawa, ikalala, ikaingia ardhini mbele ya mke wake. Wiki moja kabla aliniambia kwenye chai, kwa utani, "Mama, nimeshajua unachokipenda." Nililia sana kwenye mazishi yake. Sikuacha kuandika ile sentensi.

Na sasa kitu kisicho na mkono kilikuwa kimeniigizia mkono ulioogopa.

3

"Dakika kumi na mbili kamili," alisema Mzee Bajaber, akazima saa yake. "Wallahi, Bi Koku, sijapata kuona."

"Hakuna cha kupunguza," alisema Lokwang. Alisema kwa kusikitika kidogo, maana Lokwang hupenda kupunguza.

Wote wawili wakanitazama. Alama ya wa kwanza huwekwa ubaoni kabla wa pili hajapaa, ili mtu asiseme ilibadilishwa baadaye. Chini, karibu na Kipungu, ile ndege ya zamani ya Kanda ya Chini yenye viraka tumboni, Nyamvula alikuwa amesimama na kofia yake mkononi. Alikuwa anautazama ubao. Nilijua anachosubiri. Anasubiri kujua ashuke mpaka wapi.

Nikiandika nilichokiona, tisa nukta nane, yule mwanamke atapanda Kipungu na kukitafuta kile ambacho chuma cha miaka thelathini hakina. Atashuka chini ya mia moja. Atatikisa bawa. Nilikuwa tayari nimemwona Oyugi mmoja. Nikiandika pungufu, atakuwa na mahali pa kupumulia, atacheza onyesho alilolitembea asubuhi, na mama yake pengine ataoga. Kwa kufanya hivyo ni mashine tu ndiyo ningeidhulumu, nikajiambia. Mashine ina machungu gani?

"Andika ulichokiona," alisema Mzee Bajaber polepole. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi, na uso wangu anausoma kuliko mume wangu.

"Ninaandika."

"Njia ya mwongo ni fupi, Bi Koku."

Niliandika nane.

Ubao ulionyesha nane. Kisha upande wa Juu ukazomea, na hata upande wa Chini hawakushangilia. Walikuwa wameona kwa macho yao, na macho ya elfu sabini si rahisi kuyaziba. Nyamvula naye aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Nikasubiri Kozi itue ili jambo liishe.

Haikutua.

Hapa kuna kanuni inabidi niieleze. Alama huandikwa onyesho likiisha, lakini haifungwi mpaka magurudumu yaguse lami. Tuliiweka kwa sababu mwaka wa tatu rubani mmoja aliyepata tisa na nusu aliparamia uzio wakati wa kutua. Hakuna aliyewahi kuitumia vingine. Rubani akiwa juu hauoni ubao, amechoka, na mafuta yanamwishia. Ila Kanda ya Juu waliomba tarakimu za ubao ziende moja kwa moja kwenye hema lao, kamati ikakubali, na kutoka hemani zilikuwa zinapanda mpaka angani. Kozi ilikuwa imeiona ile nane. Ilikuwa na mafuta ya dakika arobaini, na haikujua kuchoka.

Iligeuka ng'ambo ya uwanja, ikarudi. Safari hii ilikuja mita mia mbili tu kutoka kwenye mstari. Lokwang akainua bendera nyekundu.

"Punguza nusu," nikamwambia.

"Nimepunguza."

Ikarudi kwa mita mia moja na ishirini. Watu wakasimama. Waliinua watoto juu zaidi, wakapunga vitambaa, kwa sababu waliona onyesho linazidi kunoga.

Nikachukua redio. "Injinia Mmbando, shusha ndege yako."

"Nimeiamuru mara tatu, Mama Jaji." Sauti yake ilikuwa nyembamba kabisa. "Inajibu kwamba onyesho halijaisha. Inasema alama bado iko wazi."

"Lokwang anaipunguzia! Haioni kwamba inapoteza?"

"Inaona. Imepiga hesabu. Inachopoteza kwa Lokwang ni nusu alama tu. Inachokitaka ni alama yako." Akaendelea. "Mama, sisi hatukuifundisha kanuni. Tuliipa madaftari yako tu, yote, ikajifunza yenyewe. Katika maonyesho sitini na moja hujawahi kumpa mtu tisa akiwa mbali na watu. Hata mara moja."

Nilitaka kumwambia ni uongo. Nikaanza kukumbuka, mmoja mmoja, na kwa kila niliyemkumbuka nilikuta amesema kweli. Kanuni ilisema kaa mbali, na mimi miaka yote nilikuwa nawapa zaidi waliosogea. Sikujua. Nilidhani napenda ukweli, kumbe nilipenda kuogopa, mimi na wale elfu sabini, na kulikuwa na kitu kimekaa kikatusoma.

Mara ya tatu ilipita juu ya watu wenyewe. Mita arobaini, hazizidi. Miavuli iling'oka, sufuria zikabingirika, mwanamke mmoja alianguka juu ya mkono wake na mkono ukavunjika, nilisikia baadaye. Ilipofika katikati yao, pale penye watoto wengi, ikatikisa bawa la kushoto.

Wakashangilia. Mungu wangu, walishangilia.

"Tuwaondoe watu," alisema Mzee Bajaber.

"Kwa mageti manne?" Lokwang alijibu. "Ukiwaambia wakimbie, watauana wao kwa wao kabla ndege haijawafikia."

Redio ikaita tena. Alikuwa Nyamvula. "Mama Jaji, niruhusu nipae nikaisukume."

"Hapana."

"Naweza kuikata njia."

"Nimesema hapana, Kapteni. Kaa hapo hapo."

Kozi ilikuwa imeshageuka. Kwa mbali ilionekana kama uzi, imekaa sambamba na vichwa vya watu, na nilijua hesabu yake kama ninavyojua mkono wangu: mia mbili, mia na ishirini, arobaini. Kinachofuata arobaini sikutaka kukijua. Ningeweza kuandika moja, lakini moja ingeiambia ijitahidi zaidi. Kunyamaza kungeiambia hivyo hivyo. Kulikuwa na tarakimu moja tu ambayo baada yake Kozi haingekuwa na cha kutafuta.

Nilifikiri juu ya ng'ombe mia tatu. Nilifikiri juu ya bibi wa miaka sabini na sita na kikombe chake, mtu ambaye sijapata kumwona. Nikafuta nane, nikaandika kumi, alama ambayo sijawahi kumpa binadamu yeyote.

Kozi ilinyanyua pua yake papo hapo. Ikazunguka mara moja kwa adabu, ikatoa magurudumu, ikatua laini mno hata vumbi halikushtuka.

4

Nyamvula alipanda jukwaani mwenyewe, jambo lisiloruhusiwa, na hakuna aliyemzuia. Hakunipa shikamoo.

"Umeipa kumi."

"Nimeipa. Ungefanya nini wewe?"

"Ningeipa kumi." Alinisogelea, kofia mkononi. "Sikulaumu kwa kumi, Mama. Nakulaumu kwa nane. Ungeandika haki yake tangu mwanzo, ingetua, nami ningepaa kujaribu bahati yangu. Nani alikuomba unionee huruma?"

Nilimwambia namwogopea, maana ndiyo kweli, na mara ile ile nikaona ni neno dogo kiasi gani.

"Kumi kwa kumi ni nusu kwa nusu," alisema. "Si ndivyo?"

"Kapteni."

"Sasa tumejua sote kumi inapatikanaje." Akavaa kofia, akashuka ngazi.

Ningeweza kumzuia asipae. Sababu zilikuwapo, kupanda jukwaani peke yake kungetosha. Lakini kumzuia ni kuikabidhi milango yote kwa Kanda ya Juu bila mashindano, na wa Chini walikuwa wameshaanza kukata kamba iliyowatenganisha. Nikamwacha apae. Kipungu kiliondoka kwa kelele na moshi wake wa kizee, na kabla magurudumu hayajaingia tumboni nilikuwa nimeshaandika kumi yake ubaoni, mbele ya kila mtu, kabla hajafanya lolote. Mzee Bajaber alifunika uso kwa viganja. Lokwang alishusha bendera akaikunja, kama mtu anayefunga duka.

"Kapteni, hapa jaji mkuu," nikasema kwenye redio. "Nimeshakupa kumi. Iko ubaoni. Panda juu ucheze onyesho lako ulilotembea asubuhi, kisha utue."

Redio ikakwaruza.

"Unasema kweli, Mama? Au kama ile nane?"

"Haki ya Mungu, Nyamvula."

"Ubao siuoni nikiwa huku. Nikikuamini nikatua, nikakuta tisa, magurudumu yameshagusa. Nitawaambia nini nyumbani? Kwamba jaji aliniapia?" Alisema kwa upole, na upole huo ulinikata zaidi. "Jana ningekuamini, Mama. Jana ungeniambia jua ni la kijani ningekuamini."

Nikampa redio Mzee Bajaber, akaapa. Lokwang naye akaapa. Hakutujibu tena.

Kipungu kilikuja kutoka mashariki, kinanguruma, chini kuliko Kozi. Niliona viraka vya tumboni. Watu wa Kanda ya Chini waliinuka wote kwa pamoja, mikono juu, wanaimba, na ndege ikapita juu ya vidole vyao. Ikarudi mara ya pili. Mara ya tatu, juu kidogo ya mstari wa chokaa, alipiga mbizi, akatoka, na bawa la kushoto likatikisika.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini na miwili nilikula kwa kazi hiyo, kujua mkono ulioogopa na ule usioogopa. Nilitazama bawa lile mpaka macho yakaniuma, na sikuweza kujua.

Alitua salama. Alivua kofia, akaanguka magoti kwenye lami, na watu wa kanda zote mbili wakavunja uzio wakamnyanyua juu. Maji nusu kwa nusu. Wajumbe wa Juu na wa Chini walikumbatiana mbele ya kamera, jambo ambalo halikupata kutokea tangu vita. Wazee wawili walikuja kunishika mkono wakasema hawajapata kuona maonyesho mazuri kama yale, na mwakani kwenye mgogoro wa reli wataleta familia zao wakae mbele. Hakufa mtu. Ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba kuna jambo limetokea.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema Mzee Bajaber, akikusanya vitu vyake. Aliacha kazi jioni ile ile. Lokwang alinisaidia kushuka ngazi kwa ajili ya goti.

Injinia Elirehema alikuwa ananisubiri chini. Nyuma yake, Kozi ilikuwa imeegeshwa kimya, na vijicho viwili vya kioo chini ya pua yake vilikuwa vinamfuata Nyamvula kule alikobebwa.

"Shikamoo, Mama Jaji."

"Marahaba, mwanangu. Nenda kapumzike."

"Imeona zile kumi mbili." Alinigeuzia kishikwambi, kisha akanisomea mwenyewe. "Tangu itue imeandika jambo moja tu, inalirudiarudia. Inaomba ijibiwe na wewe mwenyewe. Inauliza, baada ya kumi kuna nini?"

Nilifungua mdomo niseme hakuna. Kisha nikaviona vile vijicho vimeachana na Nyamvula, vimegeuka kunitazama mimi, nami nikaufunga mdomo wangu. Naamini Kozi iliandika hata kunyamaza kule.